Meno ya bandia yanapouma, tusikae kimya

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndivyo ilivyo kwa meno ya bandia. Mtu anayeyatazama kwa nje huona safu nzuri ya meno meupe, lakini anayeyavaa ndiye ajuaye yanapomchoma.

Pengine hata nyumbani kwako yupo mzee wa namna hii. Chakula kikiandaliwa, yeye huomba uji. Wengine wakikaa mezani, yeye husogea jikoni. Kwenye jumuiya haongozi tena wimbo, na akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Meno aliyotengenezewa yamefungwa kwenye leso, yamewekwa kabatini. Mtoto wake akimwuliza, "Mama, tumetoa fedha nyingi, mbona huyavai?" yeye hujibu, "Nimeshazoea hivi, mwanangu." Kumbe hajazoea. Anaumia, na anaona haya kusema kwamba meno waliyomnunulia watoto wake yanamtesa.

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya mateso haya ya kimya, kwa sababu mengi yanaweza kuondolewa.

Shida ya zamani

Shida hii si ngeni. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliposhika madaraka mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino lake moja tu. Wengi husimulia kwamba meno yake ya bandia yalikuwa ya mti, lakini si kweli. Yalichongwa kwa pembe za wanyama, mojawapo kiboko, yakachanganywa na meno ya watu na kushikizwa kwa madini na springi. Yalimwumiza, na yeye mwenyewe alilalamika kwamba yalimsukuma midomo nje. Ikiwa kiongozi mkubwa hivyo hakuona haya kumwandikia daktari wake wa meno kuhusu jambo hili, kwa nini sisi tuone haya?

Siku hizi meno ya bandia mengi hutengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo akriliki. Ni mepesi na hukaa vizuri zaidi. Hata hivyo, hayo nayo huweza kuumiza.

Kwa nini yanalegea?

Watu wengi hudhani kwamba meno yakishatengenezwa ni ya maisha. Sivyo. Jino linapong'olewa, mfupa wa taya uliolishika huanza kupungua. Hupungua upesi zaidi katika mwaka wa kwanza, kisha huendelea polepole kwa miaka yote. Plastiki haibadiliki, lakini kinywa kinabadilika. Kwa hiyo meno yaliyokaa sawasawa miaka sita iliyopita leo yanacheza, na kila yanapocheza yanachubua fizi.

Taya la chini hupungua zaidi kuliko la juu. Tena meno ya juu hushikwa na utando mwembamba wa mate kati ya plastiki na kaakaa, kama vioo viwili vilivyolowa maji vinavyogandamana. Ya chini hayana nafasi kubwa ya kushika, na ulimi huyasukuma kila mara. Ndiyo sababu wengi hulalamikia ya chini. Mtu aliyekonda sana kwa ugonjwa, au ambaye kinywa chake hukauka kwa sababu ya dawa anazotumia, naye huweza kuona meno yake yamelegea au yanachubua.

Siku za mwanzo

Meno mapya ni kama mgeni. Kwa siku chache mate hujaa kinywani, maneno hayatamkiki vizuri, na huenda fizi zikauma mahali fulani. Usikate tamaa. Anza na vyakula laini: uji wa lishe, ndizi za kupika, maharage yaliyopondwa, mayai, samaki asiye na miiba, mboga zilizoiva vizuri. Kata vipande vidogo, utafune polepole pande zote mbili kwa pamoja ili meno yasipinduke. Usiume muhindi au muwa kwa meno ya mbele. Soma kwa sauti kila siku, na ulimi utazoea.

Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maumivu yasiyopungua si ya kuvumilia. Rudi kwa aliyekutengenezea. Siku ya kwenda, yavae meno yako, hata ikiwezekana tangu jana yake, ili daktari aone hasa alama ya mahali yanapochubua. Mara nyingi atasaga sehemu ndogo tu, nawe utapata nafuu. Yakiwa yamelegea, anaweza kuyawekea bitana mpya ndani, bila kutengeneza mengine.

Wakati unangoja kumwona, yavue ili fizi zipumzike, na sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai katika glasi moja.

Mambo ya kuepuka

Usiyasage mwenyewe kwa msasa, kisu wala tupa. Ukikosea kidogo, yameharibika kabisa. Yakivunjika, usiyagundishe kwa gundi ya dukani ya kuunganishia vitu. Si salama kinywani, na fundi atashindwa kuyatengeneza vizuri. Usiweke kidonge cha aspirini juu ya kidonda, maana huunguza fizi.

Ipo gundi maalumu ya meno ya bandia iuzwayo katika maduka ya dawa. Inasaidia ikitumiwa kidogo, lakini haiponyi meno yaliyolegea. Aina nyingine zina madini ya zinki, na mtu akizitumia kwa wingi kwa muda mrefu anaweza kudhurika neva.

Usafi na usingizi

Yavue usiku. Kulala nayo huzinyima fizi mapumziko na hukaribisha fangasi, hata kaakaa likawa jekundu chini ya meno. Fangasi hao hutibiwa kwa dawa ya hospitali pamoja na usafi wa meno yenyewe. Aliye na jino moja au mawili tu ya bandia awe mwangalifu zaidi, kwani akilala nayo yanaweza kuchomoka na kumezwa, au kuingia njia ya hewa.

Yasugue kila siku kwa mswaki laini na sabuni, kisha yasuuze vizuri. Dawa ya meno ya kawaida huyakwaruza. Yasafishe juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Yaache usiku ndani ya maji safi, wala yasiwe ya moto, kwani maji ya moto huyapinda. Usisahau kusugua fizi na ulimi pia.

Dalili za hatari

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nenda hospitali upesi ukiona kidonda kisichopona kwa wiki mbili hata baada ya kuvua meno, uvimbe au nyama inayoota pembeni mwa meno, doa jeupe au jekundu lisilotoka, au ukishindwa kumeza. Mara nyingi ni mchubuko tu, lakini saratani ya kinywa nayo huanza hivyo hivyo, na ikigunduliwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi. Hata asiye na maumivu achunguzwe kinywa mara moja kwa mwaka.

Neno kwa familia

Watoto na wajukuu, mnapopanga kumtengenezea mzazi meno, tengeni pia nauli na gharama ya kurudi mara mbili au tatu. Kazi haiishi siku ya kuyachukua. Msimwulize, "Kwa nini huyavai?" kama anayedaiwa. Mwambieni, "Mama, yanakuuma wapi?" Kisha mmoja wenu amsindikize.

Mzee asiyetafuna hudhoofika, na anayeona haya kucheka hujitenga na wenzake. Leo jioni, kama kuna leso kabatini, ombeni iletwe mezani.