Kiwanja Nacho ni Shule



Jumapili moja jioni, katika shamba la chai ambako baadhi yetu tunafanya kazi huku Uganda, kijana wa miaka 14 aliangushwa karibu na goli, mguu ukavunjika chini ya goti. Wenzake wakakimbilia kumvuta ili asimame. Msichana mmoja, binti wa mchuma chai na nahodha wa timu ya wasichana, akawapigia kelele: "Msimguse!" Akaagiza vijiti viwili na leso, akaufunga mguu vile vile ulivyolala, asijaribu kuunyosha. Kisha akateua wanne wa kumbeba majeruhi juu ya magunia, na mmoja wa kutangulia mbio kumwita mhudumu wa zahanati. Mhudumu alipoutazama mguu aliuliza ni nani aliyeufunga vizuri namna ile. Kumbe ni yeye mwenyewe aliyemfundisha binti huyo, kwa kuwa timu ilimchagua kutunza sanduku la dawa.

Siku hizi binti huyo akiulizwa anataka kazi gani, hujibu bila kusita: uuguzi. Baba yake, mwenzetu katika chama, alikuwa amekwisha kumkataza mpira. Alisema mpira haujazi chungu, na mtoto wa kike kiwanjani ni aibu. Wengi wetu tulikuwa upande wa baba. Twaandika haya kwa sababu tumebadili mawazo, na kwa sababu kiwanja chenyewe kimo hatarini: mwajiri amekwisha kuipima ardhi ile apande chai.

VIJANA WA MATHARE

Tutazame kwanza ng'ambo ya mpaka wa Busia, kwa jirani zetu wa Kenya. Mathare ni mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Mwaka 1987 Mkanada mmoja, Bob Munro, pamoja na vijana wa mtaa huo walianzisha jumuiya ya michezo inayojulikana kwa kifupi MYSA. Vijana walitaka ligi ya mpira. Lakini mitaro ilikuwa imeziba kwa taka, na taka ni mama wa maradhi. Basi wakaweka kanuni moja: timu haitapata pointi kwa kushinda mechi tu, bali pia kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro. Timu hodari ya magoli lakini mvivu wa usafi ilijikuta chini katika msimamo wa ligi.

Wasichana waliingia katika ligi mwaka 1992. Mwaka 1994 vijana wachezaji walianza kufunzwa habari za UKIMWI, nao wakaenda kuwafunza wenzao, kijana kwa kijana, kwa lugha yao wenyewe. Vijana huchaguana kuingia katika kamati, na humo hupanga mechi na kuamua magomvi. Anayewatumikia wenzake vizuri hupata pointi, na wenye pointi nyingi hulipiwa karo ya shule.

Timu ya Mathare United, iliyotoka humo, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Kombe ni jambo la fahari. Lakini kwetu sisi kubwa zaidi ni ile kanuni ya mitaro. Kijana aliyezoea tangu utoto kwamba afya ya mtaa ni kazi yake, amekwisha kuanza safari ya ubwana afya, uuguzi au udaktari kabla hajaijua.

MADAKTARI WAWILI WA MPIRA

Wako waliofika mwisho wa safari hiyo. Sócrates wa Brazil, aliyezaliwa mwaka 1954, alisoma udaktari katika mji wa Ribeirão Preto huku akiichezea timu ya mji huo, Botafogo. Hakuhamia klabu kubwa ya Corinthians mpaka alipomaliza masomo. Mwaka 1982 alikuwa nahodha wa Brazil katika Kombe la Dunia. Katika miaka hiyo nchi yake ilitawaliwa na wanajeshi, lakini ndani ya Corinthians yeye na wenzake waliamua mambo ya klabu kwa kura, na kura ya mchezaji maarufu ilikuwa sawa na ya mtumishi wa kawaida. Walitwaa ubingwa wa jimbo la São Paulo mwaka 1982 na 1983. Ndugu, sisi wa chama cha wafanyakazi tunaielewa lugha hiyo! Hakuwa malaika: pombe ilimdhuru, naye alifariki mwaka 2011. Hata daktari yampasa kusikiliza ushauri wa daktari.

Wa pili ni Nadia Nadim, mzaliwa wa Afghanistan. Watalibani walimuua baba yake mwaka 2000. Mama akakimbia na mabinti zake watano hadi Denmark, na huko, katika maisha ya kambi ya wakimbizi, Nadia akaanza kucheza mpira. Aliichezea timu ya taifa ya Denmark, akasoma udaktari miaka mingi katikati ya mechi na safari, akahitimu mwaka 2022.

MPIRA UNAFUNZA NINI?

Tusidanganyane. Mpira peke yake haumfanyi mtu daktari. Anayetaka uuguzi lazima afaulu masomo ya sayansi, na karo lazima ilipwe. Lakini kiwanja humpa mtoto wa mfanyakazi vitu ambavyo mara nyingi havioni nyumbani wala kazini. Huona kwamba hata yeye aweza kuchaguliwa na kusikilizwa. Hujifunza kushindwa bila kuvunjika moyo, na kutulia wakati wengine wamehamaki. Huujua mwili: nini hutegua kifundo, kwa nini mchezaji anywe maji, kwa nini aliyegongwa kichwa atolewe nje hata akisema yu mzima. Nahodha anayezuia ugomvi leo ndiye katibu wa tawi wa kesho. Na mshika sanduku la dawa anayeipenda kazi yake, tumpeleke shule.

Kwa hiyo twapendekeza kwa kila tawi:

1. Kiwanja cha michezo kiandikwe katika madai ya mkataba wa hali bora, pamoja na nyumba, maji na zahanati.

2. Manahodha wachaguliwe kwa kura na wachezaji wenyewe, wasiteuliwe na mnyapara.

3. Mhudumu wa zahanati aombwe kufundisha huduma ya kwanza walau mara moja kwa mwezi, wasichana kwa wavulana.

4. Mazoezi yasile saa za masomo.

5. Tawi lianzishe mfuko mdogo wa karo kwa vijana wanaowatumikia wenzao.

Kijana aliyevunjika mguu anatembea. Baba wa yule binti sasa huja kiwanjani kila Jumapili, akasimama nyuma ya goli. Mwezi uliopita, tawi lilipokutana kuhusu ile ardhi, yeye ndiye aliyenyosha mkono wa kwanza. Alisema: "Chai ina mahali pengi pa kuota. Watoto wetu wana hapa tu." Tukapiga kura, na barua imekwenda kwa mwajiri. Twangoja jibu, na mechi zinaendelea.