Karamu ya Kimexico kwa vitu vya Marikiti

Je, msomaji, umewahi kualika wageni kumi halafu ukagundua asubuhi ya siku yenyewe kwamba pesa zilizobaki mfukoni zinatosha nyama ya watu watatu tu? Ikiwa yamekupata hayo, hauko peke yako. Ni wengi mjini wanaotamani kumfanyia mtoto sherehe ya kufaulu mtihani, au kuwakaribisha wakwe kwa mara ya kwanza, lakini wakipiga hesabu wanaishia kukopa au kuahirisha.

Mambo huwa magumu zaidi pale watoto wenyewe wanapokuwa wamekwisha kuonja vyakula vya mikahawa mikubwa ya jijini. Mtoto aliyekula nachos zilizomwagiwa jibini ya moto na kuwekewa salsa pembeni, ukimwambia kuna sambusa na soda, anakutazama kana kwamba umemkosea. Nawe mzazi ukienda kuulizia bei ya sahani moja mkahawani, unarudi nyumbani kimya.

Wiki hii tungependa kukutoa wasiwasi. Vitafunio hivyo vya Kimexico unaweza kuvitengeneza jikoni mwako, na isipokuwa jibini peke yake, karibu kila kitu kinachohitajika kinauzwa Marikiti, Kongowea au kwa mama mboga aliye nje ya lango lako. Isitoshe, nachos zenyewe hazikuzaliwa katika jiko la kitajiri.

Kisa cha Nacho

Kisa kinachosimuliwa sana ni cha mwaka wa 1943, katika mji wa Piedras Negras, kaskazini mwa Mexico, ng'ambo tu ya mto kutoka Eagle Pass, Texas. Wake wa wanajeshi wa Marekani walivuka mpaka, wakaingia katika mkahawa mmoja na kuagiza kitu cha kula. Mpishi hakuonekana. Mhudumu mmoja aliyeitwa Ignacio Anaya, ambaye kwa mkato aliitwa Nacho, aliingia jikoni mwenyewe kuona kilichokuwepo.

Alipata tortila, yaani chapati nyembamba za mahindi, akazikata na kuzikaanga. Alizinyunyizia jibini, akazitia kwenye joto hadi jibini ikayeyuka, kisha akaweka juu yake vipande vya pilipili iliyowekwa katika siki. Wageni walifurahi wakauliza chakula hicho kinaitwaje, naye akakipa jina lake. Ile jibini ya majimaji inayomiminwa juu ya nachos ilianza kuuzwa baadaye sana, mwaka wa 1976, katika uwanja wa mchezo wa besiboli huko Arlington, Texas.

Kwa hivyo, msomaji, ukiingia jikoni na kutazama ulicho nacho, ndivyo Nacho alivyofanya.

Nyanya, pilipili, mahindi, maharagwe na maparachichi yote asili yake ni Mexico na nchi jirani za bara hilo. Yalisambaa duniani baada ya Wahispania kufika huko, na baadaye yakafika kwetu, hadi leo tunayaona kama mali ya shamba la nyanya zetu wakongwe. Jibini ndiyo iliyokuwa ngeni Mexico. Kabla ya Wahispania kuuteka mji wa Tenochtitlan mwaka wa 1521, wenyeji hawakuwa na ng'ombe, mbuzi wala kondoo, hivyo hawakuwa na maziwa ya kutengenezea jibini.

Hili litakusaidia katika bajeti. Jibini ndiyo ghali kuliko vyote mezani, basi ichukulie kama mgeni. Ipe kibakuli kimoja, na uyaache mazao ya shambani yajaze meza. Vipimo tunavyokupa hapa vinatosha watu wanane hadi kumi.

Salsa mbili

Wengi wetu tunaijua salsa kama densi. Katika Kihispania, hata hivyo, neno hilo maana yake ni mchuzi tu. Salsa mbichi ni ndugu wa damu wa kachumbari yetu, na anayejua kukata kachumbari amekwisha kujifunza nusu ya kazi.

Chukua nyanya 6 zilizoiva lakini ngumu, kitunguu 1 cha wastani, pilipili kali 1, fungu dogo la dhania, ndimu 1 na chumvi. Tofauti na kachumbari ni ukataji: hapa kila kitu hukatwa vipande vidogo vidogo, vya ukubwa wa punje ya mahindi, ili viweze kukaa juu ya kipande cha chapati bila kuanguka kwenye nguo ya mgeni. Toa mbegu na majimaji ya nyanya kwanza. Changanya, kamua ndimu, tia chumvi, uache dakika 20 ili ladha ziingiane. Ukiona maji yamejaa chini ya bakuli, yamwage.

Salsa ya pili ni ya kuchoma. Weka nyanya 5 nzima, kitunguu kilichokatwa mara nne, punje 3 za kitunguu saumu ambazo hazijamenywa na pilipili 1 juu ya kikaango kikavu au wavu wa jiko la makaa. Zigeuzegeuze hadi ngozi ziwe na madoa meusi na nyanya zilainike. Menya vitunguu saumu, kisha twanga vyote katika kinu kidogo pamoja na chumvi. Wamexico hutumia kinu cha mawe kiitwacho molcajete, lakini kinu chako cha mbao kitafaa. Salsa hii ina harufu ya moshi ambayo ile mbichi haina.

Parachichi la kuponda

Guakamole ni jina linalotokana na lugha ya Kinahuatl ya wenyeji wa Mexico, na maana yake ni mchuzi wa parachichi. Ponda maparachichi 3 yaliyoiva kwa uma, si kwa mashine, ili mabonge madogo yabaki. Tia maji ya ndimu 1, nusu ya kitunguu kilichokatwakatwa, dhania kidogo na chumvi.

Tatizo linalowaudhi wengi ni kwamba parachichi hugeuka rangi na kuwa la kahawia. Hewa ndiyo inayosababisha hali hiyo. Litengeneze mwisho kabisa, na kama wageni wamechelewa, tandaza karatasi ya plastiki iguse guakamole yenyewe, siyo kufunika mdomo wa bakuli tu. Ndimu husaidia kuchelewesha hali hiyo, ingawa haiizuii kabisa.

Maharagwe yanayoshibisha

Hapa ndipo mwenye pesa kidogo anapookoka. Maharagwe ni rahisi na yanashibisha. Chemsha maharagwe hadi yaive kabisa na kulainika, kwa kuwa yasipochemka vizuri huweza kuumiza tumbo. Kaanga kitunguu 1 katika vijiko 3 vya mafuta hadi kiwe rangi ya dhahabu, tia kijiko kidogo cha bizari nyembamba, ile ya pilau, kisha ongeza vikombe 3 vya maharagwe yaliyochemshwa pamoja na supu yake kidogo. Yaponde kwa mwiko yakiwa motoni hadi yawe mazito kama uji wa mtoto. Wakati wa kuandaa, nyunyiza jibini kidogo juu yake.

Na kama jibini ya dukani imekushinda kabisa, tengeneza yako. Chemsha lita 2 za maziwa ya kawaida, si yale ya kukaa miezi kabatini kwani hayo hayagandi vizuri. Yakishachemka, epua na uyatie polepole vijiko vikubwa 4 au 5 vya maji ya ndimu huku ukikoroga taratibu. Maziwa yatatengana na maji ya kijani kibichi. Acha dakika 10, chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi, kamua na uweke kitu kizito juu kwa muda wa saa moja. Utapata jibini nyeupe inayofanana na ile Wamexico wanayoivuruga juu ya maharagwe. Jihadhari jambo moja: jibini hii haiyeyuki hata ukiipika siku nzima, kwa hivyo usiitumie kwa mchuzi unaofuata.

Mchuzi wa jibini

Huu ndio unaowashinda wengi. Mara yangu ya kwanza niliitumbukiza jibini katika sufuria juu ya moto mkali, nikaenda kumfungulia mgeni mlango. Niliporudi nilikuta mafuta ya manjano yanaelea juu, na chini kumelala donge kama raba ya kufutia. Siku hiyo wageni walikula krispi kavu, nao kwa heshima wakasema ni tamu.

Kosa lilikuwa moto. Jibini ikipata joto kali, protini zake hujikaza na kuyasukuma mafuta nje. Dawa yake ni kuanza na mchuzi mweupe wa unga na maziwa, ambao huyashika mafuta yasitengane.

Yeyusha vijiko vikubwa 2 vya siagi katika sufuria, tia vijiko vikubwa 2 vya unga wa ngano na ukoroge kwa dakika 1 bila kuuacha ubadilike rangi. Mimina pakiti ya nusu lita ya maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga ili usipate madonge. Ukishachemka na kuwa mzito, zima moto. Sasa ndipo utie gramu 200 za jibini aina ya cheddar, uliyoikwaruza kwa kifaa cha kukwaruzia karoti, ngumi moja baada ya nyingine. Ongeza pilipili hoho na nyanya zilizokatwa ndogo. Onja kabla ya kuongeza chumvi, kwani jibini ina chumvi yake. Ukipoa na kuwa mgumu, rudisha juu ya moto mdogo na maziwa kidogo, ukikoroga.

Bila unga na maziwa hayo, ungehitaji jibini nyingi zaidi kujaza bakuli lilo hilo.

Cha kuchovyea

Tortila za mahindi si rahisi kupatikana hapa kwetu, na kuzitengeneza ni kazi kubwa kwa sababu Wamexico huchemsha mahindi yao katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Lakini huko kaskazini mwa Mexico watu hula pia tortila za unga wa ngano, nazo hazipishani sana na chapati zetu.

Chukua chapati 8 nyembamba, hasa zile za jana zilizokauka kidogo na ambazo hazikukunjwa kwa mafuta mengi. Kata kila moja vipande 8 vya pembe tatu. Kaanga katika mafuta yaliyopata moto kwa dakika 1 au 2, uvitoe vikiwa rangi ya dhahabu. Mwenye oveni anaweza kuvikausha katika joto la nyuzi 180 kwa dakika 10 hivi bila mafuta zaidi. Vikipoa vitakuwa vikavu na vya kuvunjika kwa sauti. Mwanafunzi anayeishi chumba kimoja chenye jiko moja anunue krispi za viazi, atengeneze salsa mbichi na guakamole, na hatahitaji moto kabisa.

Tahadhari

Kwanza, salsa mbichi haipikwi, kwa hivyo osha nyanya na dhania kwa maji safi yanayotiririka, na unawe mikono kwa sabuni. Ukitilia shaka maji ya mtaani kwenu, tumia yaliyochemshwa yakapoa.

Pili, pilipili. Mtu aliyekata pilipili asijiguse macho wala asimshike mtoto mchanga kabla ya kunawa vizuri. Tenga bakuli la watoto lisilo na pilipili. Mtoto akiungua mdomo mpe maziwa, kwa kuwa ukali wa pilipili hauyeyuki katika maji.

Tatu, usiache michuzi ya jibini na maharagwe mezani zaidi ya saa mbili. Weka vibakuli vidogo, uvijaze tena kutoka jikoni. Tena mpe kila mgeni sahani na kijiko chake, ili kipande kilichokwisha kuumwa kisirudi bakulini.

Kwa upande wa kazi, anza na maharagwe usiku uliotangulia. Asubuhi kaanga chapati na uchome salsa. Saa moja kabla ya wageni kata ile mbichi, kisha parachichi, na mchuzi wa jibini uwe wa mwisho. Wape watoto kazi ya kuponda na kukamua ndimu. Mtoto aliyeponda parachichi kwa mikono yake hatauliza kwa nini hamkwenda mkahawani. Atakuwa mlangoni akiwaambia wageni ni yeye aliyelitengeneza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi wageni na waje, nawe uwakaribishe bila deni la kulipa mwisho wa mwezi.