Amy Sherald: Mchoraji anayeanza na gauni kabla ya sura

KABLA ya kushika brashi, Amy Sherald hutafuta nguo. Hupekua maduka ya nguo za zamani hadi apate gauni la vidoti, kofia au suti ya rangi kali. Kisha humvalisha mtu wa kawaida, mara nyingi aliyekutana naye mtaani, na kumpiga picha. Picha hiyo ndiyo anayokwenda kuichora.

Huyu ndiye Mmarekani mweusi aliyechora picha rasmi ya Michelle Obama, iliyozinduliwa Februari 12, 2018 katika makumbusho ya National Portrait Gallery, Washington. Lakini njia iliyomfikisha hapo ilipita kwenye matumaini ya wazazi, kazi ya kuhudumia meza na moyo uliokaribia kusimama.

Mama alitaka daktari

Sherald alizaliwa mwaka 1973 mjini Columbus, jimbo la Georgia. Baba yake alikuwa daktari wa meno, na mama yake alitamani binti naye awe daktari.

Akiwa mwanafunzi, shule iliwapeleka kwenye makumbusho ya mji huo. Huko aliona mchoro wa Bo Bartlett, na ndani yake kulikuwa na mwanaume mweusi. Amesimulia mara nyingi kwamba alisimama akishangaa, kwa kuwa hakuwahi kuona mtu anayefanana naye kwenye mchoro wa makumbusho.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Clark Atlanta akijiandaa kusomea udaktari, lakini akageukia uchoraji. Mwaka 2004 alipata shahada ya uzamili ya sanaa mjini Baltimore. Fedha hazikuja. Aliendelea kuhudumia meza mgahawani hadi umri wa miaka 38, huku wenzake wengi wakiwa wameshajijenga kimaisha. Ni kipindi ambacho mzazi mwingine angeshasema ada imepotea bure.

Nguo zinasema nini

Mtindo wake una mizizi kwenye picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe. Mwaka 1900, msomi W.E.B. Du Bois alipeleka kwenye Maonyesho ya Dunia jijini Paris mamia ya picha za Wamarekani weusi: wanawake wenye magauni ya kola ndefu, wanaume wenye suti na tai, watoto waliotulia mbele ya kamera. Wakati huo magazeti na matangazo mengi yaliwachora weusi kwa kejeli. Kuvaa vizuri na kupigwa picha kulikuwa jibu.

Sherald huchora ngozi za watu wake kwa rangi ya kijivu, kama picha hizo, huku nguo zikiwaka rangi. Mtazamaji hukosa ile njia ya mkato ya kumhukumu mtu kwa rangi ya ngozi yake. Hulazimika kumtazama macho, mkao na mavazi.

Gauni la Michelle Obama, la kampuni ya Milly, lina maumbo yaliyomkumbusha Sherald mablanketi ya viraka ya wanawake wa Gee's Bend, Alabama. Wanawake hao, wazao wa watumwa, waliyashona kwa vipande vya nguo za kazi zilizochakaa ili familia zisilale na baridi. Leo mablanketi hayo yanatundikwa makumbusho.

Moyo ulipochoka

Akiwa na miaka 30 hivi, Sherald alikuwa akifanya mazoezi ya mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia. Alikwenda kupima afya tu, na akaambiwa moyo wake umedhoofika. Ulikuwa ugonjwa wa misuli ya moyo, ambapo moyo hushindwa kusukuma damu ya kutosha. Desemba 2012, akiwa na miaka 39, alipandikizwa moyo mwingine.

Ugonjwa huu unaweza kumpata kijana anayeonekana mzima kabisa. Dalili zake ni kuishiwa pumzi, hasa ukilala chali, kuvimba miguu, uchovu usioisha, moyo kwenda mbio na kuzimia. Aina mojawapo huwapata wanawake mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua, na ni rahisi kudhani ni uchovu wa uzazi. Mama mwenye dalili hizo asisubiri, awahi hospitali.

Mwaka 2016, Sherald alishinda shindano la taifa la picha za watu, akiwa mwanamke wa kwanza kulishinda. Mchoro wake ulimwonyesha binti mwenye gauni la vidoti, glavu nyeupe na kikombe kikubwa kupita kiasi.

Miaka minne baadaye alimchora Breonna Taylor, mhudumu wa afya wa miaka 26 aliyeuawa na polisi nyumbani kwake Louisville. Alimchora na gauni la buluu lililobuniwa na mwanamke mweusi, Jasmine Elder, na pete ya uchumba ambayo marehemu hakuwahi kuivaa.

Mtoto na picha

Machi 2018, mtoto wa miaka miwili alipigwa picha akiwa amesimama mbele ya mchoro wa Michelle Obama, mdomo wazi. Picha hiyo ilisambaa duniani. Alichokiona mtoto yule ndicho Sherald alichokiona Columbus akiwa mwanafunzi.

Kwa mzazi, hili halihitaji nauli ya Washington. Albamu ya familia inatosha. Mwonyeshe mtoto bibi yake alivyovaa siku aliyokwenda studio, mweleze gauni lile lilishonwa na nani na kwa sababu gani alilichagua. Na akikuletea mchoro wa mtu, kabla ya kuuliza mbona mkono mmoja mrefu, muulize huyu ni nani na amevaa nini.