Fahamu: Usanifu hai, kutoka Roma hadi Riyadh na Jeddah

Bruno Zevi, mhakiki Mwitaliano na Myahudi aliyekimbilia Marekani enzi za Mussolini, alirudi kwao na hoja moja: jengo lianzie ndani, kwa mahitaji ya mtu anayeishi humo, si kwa safu za nguzo za kumtukuza mtawala. Mwaka 1945 alichapisha kitabu kuhusu usanifu wa aina hii, yaani usanifu hai, na kuanzisha chama cha kuutetea mjini Roma. Kalamu yake ilivuma kuliko majengo yake.

Saudi Arabia ina majengo ya kupimia hoja hiyo. Kasri la Tuwaiq, Riyadh, lililokamilika 1985, ni ukuta wa mawe wa mita 800 hivi unaojipinda kama nyoka, ukikumbatia bustani yenye kivuli. Mahema meupe yamechomoza ubavuni. Frei Otto alikuwa miongoni mwa wabunifu wake.

Jeddah, kwenye jengo la mahujaji la uwanja wa ndege, mahujaji hupokelewa tangu 1981 chini ya mahema 210 ya kitambaa, pande wazi, joto likitoka kupitia juu. Majengo yote mawili yamepata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu: la Jeddah 1983, Tuwaiq 1998. Binafsi naona Tuwaiq ndilo Zevi angelitetea: halina mstari ulionyooka wa kujivunia.