Mzazi na Mtoto Aliye Chuoni

Zamani kidogo, mzazi wa Migori au Homa Bay aliyetaka mtoto wake aingie chuo kikuu hakuwa na budi kumpeleka mbali, Nairobi au Eldoret. Siku hizi mambo yamebadilika. Rongo pana chuo kikuu kilichoanza mwaka 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Moi, kikapewa hati yake mwaka 2016. Mjini Homa Bay napo pana Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichoanza mwaka 2016 chini ya Maseno. Mtoto wa Rangwe au wa Awendo aweza kufika darasani na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini ukaribu huu umewadanganya wazee wengi, wakadhani ya kwamba mtoto asiye mbali habari zake zajulikana.

Katika shule ya sekondari mzazi alizoea kuitwa. Mwalimu mkuu aliandika barua, ripoti ililetwa mwisho wa muhula, na mtoto asiyelipiwa karo alirudishwa, mzazi akamwona mlangoni pake. Chuoni sivyo. Mwanafunzi ni mtu mzima. Matokeo ya mitihani ni yake, nayo huyasoma katika simu yake mwenyewe. Akikosa kujiandikisha kwa masomo ya muhula, hakuna kengele itakayolia nyumbani kwenu. Aweza kukaa miezi minne katika chumba cha kupanga karibu na chuo, akipika na kusalimiana na majirani, na huku si mwanafunzi tena ila kwa jina. Baba akipiga simu Jumapili na kuuliza, "Masomo yaendaje?" hujibiwa, "Yaenda vyema, Baba," nao wote wawili huridhika.

Watu wakipata habari za mtoto wa namna hii, husema mara moja ya kwamba ameharibiwa na pombe au na michezo ya kamari ya simu. Wapo kweli walioharibiwa hivyo. Lakini wengi huanza kuficha kwa ajili ya fedha. Mtoto ajua ya kuwa ng'ombe wa mwisho ameuzwa kwa ajili yake, na ndugu zake wadogo wangali shuleni. Huona haya kuomba tena, akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kunakompotezea mwaka.

Hapa yafaa tuseme wazi ya kwamba kalenda ya chuo na kalenda ya shamba hazipatani. Miwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, na malipo yake hayaji siku ya kukatwa. Omena huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mkubwa mitumbwi hupumzika, na mfuko wa mvuvi hupumzika nao. Chuo hakijui mwezi wala miwa: kila muhula hudai karo yake. Basi mzazi mwenye busara humweleza mtoto mapema fedha zitatoka wapi na lini. Wazee wengine huona ni aibu kumfunulia mtoto mapato ya nyumba. Sisi twaona ni aibu kubwa zaidi mtoto kuyakisia na kukosea.

Tena kuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Sehemu ya mkopo wake hulipwa chuoni kwa ajili ya karo, na sehemu hupewa mwanafunzi mwenyewe kwa chakula na matumizi. Mzazi atakiwa kutoa nakala ya kitambulisho na maelezo ya kweli ya hali ya nyumba, wala asikawie, kwa maana fomu iliyocheleweshwa huzaa fedha zilizocheleweshwa. Aelewe pia ya kuwa hili ni deni, na mtoto atalilipa baada ya kumaliza masomo.

Fedha za matumizi, kama ni shilingi 4,000 kwa mwezi, ni afadhali zitumwe 1,000 kila juma kwa M-Pesa kuliko kutumwa zote siku moja. Kijana mwenye 4,000 mfukoni huwa na marafiki wengi sana. Debe la unga na kifurushi cha omena kutoka nyumbani navyo vyasaidia kuliko wengi wanavyodhani.

Tom Mboya mwenyewe, ambaye kaburi lake liko Rusinga, aliiacha shule ya Mang'u kwa kuwa baba yake, mfanyakazi wa shamba la katani, hakuweza kuendelea kulipa karo; akajifunza kazi ya ukaguzi wa afya huko Nairobi. Mwaka 1959 alisaidia kuwapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege, na jamaa na majirani wa vijana wale walichanga fedha za kuwasaidia.

Kwa hiyo mzazi apigapo simu, asiulize tu kama masomo yaenda vyema. Aulize umekula nini jana, unakaa na nani, karo imebaki kiasi gani, na umejiandikisha kwa masomo mangapi. Kisha anyamaze asikilize. Mtoto akikiri ya kwamba ameshindwa somo fulani, asikaripiwe siku hiyo, kwa maana chuoni somo lililoshindwa huweza kurudiwa, lakini mtoto aliyekaripiwa hatasema tena.

Na ikiwa fedha hazikupatikana kabisa, kuna njia ambayo wazazi wengi hawaijui. Mwanafunzi aweza kuandika ombi la kuahirisha masomo, akalipeleka chuoni mapema, kabla ya mitihani kukaribia. Akikubaliwa hupewa barua, naye huiweka mahali salama. Atarudi nyumbani, ashike jembe au kasia kwa muda huo, na miwa ikiisha kulipwa, arudi darasani kwa namba yake ile ile.