Jinsi kivinjari kinavyolinda siri zako mtandaoni

MKULIMA wa mahindi wa Endebess aingiapo saiba kutazama akaunti yake ya benki, huenda akafungua kurasa kadhaa kwa pamoja: benki hapa, bei za mazao pale, na kwingine tovuti asiyoifahamu. Ni nini basi kinachoizuia tovuti hiyo ngeni kuchungulia salio lake?

Ni kanuni iliyoanzia katika kivinjari cha Netscape Navigator katikati ya miaka ya 1990. Kwa mujibu wake, programu ya ukurasa mmoja haiwezi kusoma yaliyomo katika ukurasa mwingine ila kurasa hizo ziwe na chimbuko moja. Chimbuko hutambuliwa kwa mambo matatu: itifaki, kama vile https, jina la tovuti, na namba ya mlango wa seva.

Hata hivyo, kuna tovuti zisizo na budi kuwasiliana. Duka la mbegu mtandaoni, kwa mfano, laweza kuweka kidirisha cha kampuni ya malipo ndani ya ukurasa wake. Duka lahitaji kuarifiwa kwamba fedha zimepokewa, lakini halipaswi kuona namba ya siri ya mnunuzi.

Mbinu ya JSONP, iliyopendekezwa mwaka 2005, iliuruhusu ukurasa kuendesha programu ya tovuti nyingine kana kwamba ni yake. Huko kulikuwa kumkabidhi mgeni funguo za nyumba nzima.

Njia salama ni mbili. Ya kwanza ni postMessage, iliyoingia katika Firefox 3 mwaka 2008, ambapo dirisha moja hulitumia jingine ujumbe. Mtumaji sharti ataje anwani ya mpokeaji, wala asiweke alama ya nyota inayomaanisha "yeyote". Mpokeaji naye sharti ahakikishe ujumbe umetoka wapi kabla ya kuutii. Ya pili ni CORS, iliyoidhinishwa na shirika la viwango la W3C Januari 2014, ambapo seva yenyewe hutaja tovuti zinazoruhusiwa kusoma majibu yake.

Wakazi wa Endebess hawatashangazwa na utaratibu huu. Katika mpaka wa Suam, msafiri kutoka Uganda huulizwa atokako na aendako. Mtayarishaji wa tovuti anayepuuza maswali hayo huacha mpaka bila mlinzi.

Nawe msomaji, kagua anwani ya tovuti kabla ya kuandika namba yako ya siri, na ufunge akaunti kabla ya kuondoka saiba. Kivinjari hakina uwezo wa kumtambua atakayeketi kwenye kiti chako baada yako.