Fahamu: AVEC, sanduku la mtaji la akina mama wa Bunia

Mama muuza samaki wa Bunia, mashariki mwa Kongo (DRC), akienda kukopa benki, huulizwa dhamana: hati ya nyumba au shamba, ambayo mara nyingi ina jina la mume. Hadi Sheria ya Familia iliporekebishwa mwaka 2016, mke alihitaji hata idhini ya mumewe ili kukopa.

Ndiyo maana AVEC, vikundi vya kuweka na kukopa, vina uzito. Shirika la misaada la CARE lilianzisha mfumo huu Niger mwaka 1991. Wanachama hununua hisa kila wiki. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Dhamana ni kufahamiana, na riba huwarudia wenyewe.

Lakini mapigano yakifunga njia ya Tchomia, bandari ya wavuvi kwenye Ziwa Albert, samaki hawafiki, deni linabaki. Hapo kikundi kisogeze tarehe ya malipo, kisimnyang'anye mama huyo meza yake ya kuuzia.